Koti la Mume Aliye Hai

Jumatatu, 4 Machi 1996. Homa Bay

Nimeanza kazi. Barua yangu ya ajira ilipigwa chapa Migori, yaliko makao ya mradi wa maji, nayo ina kosa: "Bw. Oliver Were." Herufi mbili za mwisho za jina langu hazimo. Nilikusudia kulitaja kosa hilo mara tu nitakapofika. Lakini Bwana Machuki, mkuu wa karakana, aliisoma barua mlangoni akafurahi. "Were! Vizuri sana. Nilitaka karani Mluo, mtu wa hapa. Mimi ni Mkisii wa Nairobi, mambo ya huku siyajui."

Nyuma yake wanaume wawili walikuwa wakishusha mbao, wakizungumza juu ya ng'ombe walioibwa mpakani wiki iliyopita. Mmoja alisema akimwona Mkuria hapa Homa Bay atamwonyesha. Alisema hivyo huku akicheka, lakini mbao aliibwaga kwa nguvu.

Mimi ni Werema, wa Ntimaru. Mkuria. Nitasema kesho.

Jumanne, 5 Machi

Sikusema.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeielewa kazi. Katika ghala la zamani la pamba tunatengeneza sinema ya wanasesere, ya kuwafundisha watu kuchemsha maji ya kunywa. Wanasesere ni wa mbao na waya, kila mmoja kimo cha chupa. Mkono wa mwanasesere husogezwa upana wa ukucha, Bwana Machuki akapiga picha moja. Unasogezwa tena, picha nyingine. Kutwa nzima huzaa sekunde tano za sinema. Mtu akianza kunyanyua kikombe Jumatatu, kinafika mdomoni Jumatano. Katikati hapo kifungo kikifunguka au leso ikilegea, watazamaji wataona nguo imeruka yenyewe kama ina pepo.

Kuzuia hilo ndiyo kazi yangu. Nina daftari kubwa la mavazi. Kwa kila kipande cha sinema naandika nani amevaa nini, kifungo kipi kimefungwa, mkono upi umekunjwa. Mwisho wa kila mstari kuna visanduku viwili vilivyopakana: Mwandishi, ninapoweka "O. Were", na Idhini, ambapo fundi wa nguo, Mama Marcella Akoko, anaweka herufi zake, M.A. Bila herufi hizo hakuna nguo inayobadilishwa.

Kazi inanifaa. Siwezi kuvumilia kisanduku kitupu.

Jumatano, 13 Machi

Mama Marcella ana miaka hamsini na kitu, mjane, Mkatoliki. Rozari yake inaning'inia kwenye cherehani na hucheza kila akikanyaga. Leo ameniita, akaniwekea mwanasesere mkononi.

"Karani, tazama uso wa huyu. Unaona nini?"

"Mbao, mama."

"Basi. Uso ni mbao. Huyu ni nani, ni wa nani, nani anampenda, nani amemkosea, hayo yote nguo ndiyo itasema. Mdomo wake haufunguki."

Akanionyesha. Mume katika sinema anaitwa Opija. Koti lake ni la kahawia, na kiraka cha kiwiko kimekatwa kwenye gauni kuukuu la mkewe, Atoti. Hakuna mahali wanaposema wanapendana. Kiraka kinasema. Mama mkwe anafunga leso yake kwa fundo la kushoto. Atoti anafunga kulia mpaka siku wanapopatana, ndipo naye anahamisha fundo. Niliyaandika yote.

Nikataka kusaidia. Kilikuwa kimebaki kipande cha kitambaa cha Atoti, nikasema kingetosha shati la jirani.

Mama Marcella aliacha kushona. "Yawa! Karani anataka kutuvunjia boma! Nguo ya Atoti kwa mgongo wa jirani? Kwetu Ndhiwa nzima itajua anaingilia mlango wa nyuma!" Alicheka mpaka akajifuta macho kwa koti la Opija. Halafu akanitazama kuanzia kola hadi viatu. "Na wewe, nyathina, nguo zako hazisemi kitu. Shati jeupe, tai nyeusi. Kama umetoka dukani leo."

*Nyathina* ni mtoto wangu. Hilo najua. Nilicheka pamoja naye, nikarudi kwenye daftari langu.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua imeanza. Bati la ghala linavuja sehemu tatu. Nimeziandika.

Jumamosi, 23 Machi

Bwana Machuki ni Msabato, hivyo Jumamosi hatufanyi kazi. Nilikaa chumbani. Mwenye nyumba aliniuliza mbona Kiluo changu ni cha kuokoteza. Nikasema nilikulia Nakuru, baba alikuwa polisi. Huu ndio uongo wangu wa kwanza mzima. Kabla ya leo nilikuwa nimenyamaza tu.

Baba hakuwahi kuwa polisi. Alilima mahindi.

Jumamosi, 30 Machi

Asubuhi ilikuwa baridi, nikavaa sweta ya mama, ya buluu. Uzi wa buluu ulimwishia kabla hajamaliza, hivyo mkono wa kushoto una mistari miwili ya manjano na wa kulia hauna. Nikaenda sokoni kununua sabuni.

"Mura!"

Ndivyo kwetu kijana anavyoitwa. Sikugeuka.

"Mura! Wewe wa mistari!"

Alikuwa Mama Nyangi, jirani yetu wa Ntimaru, amekaa kati ya magunia yake ya wimbi. "Nimeijua sweta kabla sijaujua uso," akasema kwa lugha yetu, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. "Mama yako aliketi kwangu wiki nzima akiifuma. Hujambo wewe?"

Muuza vitunguu aliyekaa kando yake alinyanyua kichwa. Wanunuzi wawili wakatazama.

Nikamjibu kwa Kiswahili, kama karani anavyomjibu mtu dirishani: "Samahani mama, umenifananisha."

Uso wake haukukasirika. Ulifungwa tu, kama duka. "Labda," akasema, naye kwa Kiswahili. "Macho yangu yamezeeka."

Nimerudi bila sabuni. Sweta nimeiweka chini ya godoro.

Jumapili, 31 Machi

Mvua. Sikutoka.

Jumanne, 9 Aprili

Kipande cha 33 kimekwisha. Mama mkwe ameketi, ameinuka. Siku tatu.

Jumatatu, 15 Aprili

Mama Marcella amekwenda Ndhiwa, amefiwa na dada yake. Atarudi Jumatatu ijayo. Kamera tuliazimwa, na sharti irudi Nairobi Ijumaa hii. Ameacha nguo zote zimepigwa pasi, kila moja na kikaratasi chake. Kwenye kikaratasi changu ameandika: "Karani, usiguse."

Jumatano, 17 Aprili

Naandika haya kwa utaratibu ili nijue kila kitu kilivyokwenda.

Usiku wa jana mvua ilipasua mahali pa nne kwenye bati, juu kabisa ya meza ya wanasesere. Asubuhi tulimkuta Atoti amelowa. Rangi nyekundu ya gauni lake ilikuwa imeshuka hadi miguuni, na nguo yenyewe imerudi, imepanda juu ya magoti. Hana gauni jingine. Kipande cha 41 kilikuwa bado: Atoti peke yake kisimani, mvua inanyesha, anateka maji. Ndicho kiini cha sinema yote.

Bwana Machuki alishika kichwa. "Siku mbili, Were! Tumvishe nini?"

Nilitazama meza. Koti la Opija lilikuwa kavu, refu, lingefunika gauni lote. Nikamkumbuka baba. Siku moja tukitoka soko la Ntimaru mvua ilitukuta njiani, akavua koti lake bila neno akamwekea mama mabegani. Yeye akaendelea mbele na shati limegandamana na mgongo, akipiga mluzi. Sijawahi kumwona mama akitembea vile tena, kama msichana.

Nikasema, "Avae koti la mumewe. Ni mvua. Watu wataona jinsi anavyopendwa hata mume asipokuwepo."

Bwana Machuki alilipenda wazo. Lakini ni mtu makini, akasita. "Were, wewe ndiye mtu wa hapa. Hili koti kwa mke, lina shida yoyote?"

Sikujua. Hiyo ndiyo kweli, sikujua. Lakini mtu wa hapa hawezi kusema hajui.

"Halina shida," nikasema.

Tukapiga picha kutwa. Jioni nikajaza daftari: Kipande 41, Atoti, koti la kahawia, vifungo vitatu, kola juu. Mwandishi: O. Were. Kando yake kisanduku cha Idhini kilikuwa kitupu. Nilikitazama kwa muda mrefu. Daftari lote, kurasa sitini, hakuna kisanduku kitupu hata kimoja. Nikaandika M.A.

Ijumaa, 19 Aprili

Kamera imeondoka. Nimemrudishia Opija koti lake, nimelipiga brashi. Limekaa kama halikuwahi kutoka.

Jumatatu, 22 Aprili

Mama Marcella amerudi, amekonda. Alilikuta gauni lililorudi, akauliza tulifanyaje. Bwana Machuki akamjibu akiwa anatoka, "Karani alituokoa." Mama Marcella akaniangalia. Nikasema tulimfunika. Ni kweli, tulimfunika.

Nitamweleza akipoa na msiba.

Jumatano, 1 Mei

Mvua. Bado sijamweleza.

Jumapili, 12 Mei

Mvua. Nilipita sokoni kwa upande wa pili ili nisimwone Mama Nyangi. Nilimwona hata hivyo. Alikuwa akila ndizi, hakunyanyua kichwa.

Ijumaa, 31 Mei. Ndhiwa

Sinema imerudi kutoka Nairobi na leo tumeionyesha kwa mara ya kwanza, katika ukumbi wa shule, madirisha yamezibwa kwa magunia. Walikuja watu kama mia tatu. Mama Marcella aliketi katikati ya wanawake, amevaa gauni lake la kanisani. Mimi nilisimama ukutani na daftari langu.

Mwanzo ulikuwa mzuri kuliko nilivyoota. Opija alipotokea na kile kiraka kwenye kiwiko, wanawake wakaguna kwa furaha, na mmoja akasema, "Huyo ana mke!" Fundo la leso la mama mkwe lilichekwa kabla hajafanya lolote. Mama Marcella alikuwa sahihi: mbao hazikusema kitu, na kila mtu alielewa.

Kisha kipande cha 41. Mvua, kisima, na Atoti anaingia amevaa koti la Opija, kola juu.

Ukumbi ukanyamaza. Hata watoto walinyamaza. Kisha bibi mmoja wa mbele akasema taratibu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa, "Chi liel."

"Amekufa lini?" mwingine akauliza.

"Ni hayo maji," akajibiwa. "Maji yamemuua." Wanawake wakaanza kuguna ule mguno wa matanga, chini chini, wakiyumba. Mmoja akaanza kulia kabisa. Kwa sekunde kumi, ambazo sisi tulizifanyia kazi siku mbili, walimwombolezea Opija.

Na hapo ndipo Opija alipoingia mlangoni mwake, mzima, akaomba chai.

Kulipigwa yowe. Vijana wa nyuma wakacheka mpaka wakaanguka. Mzee mmoja akainuka akigonga fimbo sakafuni. "Mmemzika mtu anayekunywa chai! Nani amefanya hivi? Nani?" Akina mama wakashika watoto mikono wakatoka nje kwenye matope, wengine wamewafunika macho. Sehemu ya kuchemsha maji ilionyeshwa kwa mabenchi matupu.

Mwalimu wa shule alimweleza Bwana Machuki pembeni, kwa upole. *Chi liel* ni mke wa kaburi, yaani mjane. "Huku kwetu mume akifa, mkewe ndiye anavaa koti lake. Ukimwona mke ndani ya koti la mume, huulizi yuko wapi. Yuko ardhini. Na kumvalisha mke wa mtu aliye hai, bwana, huko ni kumwitia mume kifo. Mtoto mdogo anajua."

Mama Marcella hakuwa ametoka. Alibaki peke yake kwenye benchi refu, mkono mdomoni, akitazama ukuta ambao sasa ulikuwa mweupe mtupu.

Jumatatu, 3 Juni

Bwana Machuki ameniomba daftari. Akalifungua kwenye 41 juu ya cherehani.

"Mama Marcella, herufi hizi ni zako?"

Aliinama akatazama. "Ni herufi zangu. Mkono si wangu. Nilikuwa matangani."

"Daftari linasema uliidhinisha."

"Basi daftari linasema uongo, Bwana Machuki."

"Mama, mimi nilikuwa na fundi mmoja tu anayejua mila za hapa, na karani mmoja wa hapa. Karani anaweza kusahau, ni kijana, amekulia Nakuru, alivyotuambia. Lakini wewe! Kamati inakutana Migori Ijumaa. Wanataka jina la mtu, na wataleta fundi mwingine."

Mama Marcella akanitazama. Nami nikalifunga daftari. Rozari ilikuwa imetulia kabisa.

Jumanne, 4 Juni

Sikula.

Jumatano, 5 Juni

Bwana Machuki alitoka kwenda posta. Mama Marcella akaendelea kushona, akaongea bila kunyanyua macho.

"Unakaza kalamu sana ukiandika A. Mimi A yangu haina kichwa. Inafanana na mtu amevua kofia."

Nikaitia kalamu mfukoni.

"Akoko, mume wangu, alipokufa nilivaa koti lake. Bitana ilikuwa imechanika kwapani, mimi mwenyewe fundi, na sikuishona. Hapo ndipo harufu yake ilikuwa. Nilipita barabarani na watu walijua mimi ni wa nani, hata kama yeye hayupo. Sasa nimeketi Ndhiwa, nyumbani kwa baba yangu, namwona Atoti wangu amevaa hivyo kwa mzaha."

"Haikuwa mzaha, mama."

"Ilikuwa nini?"

Nikamwambia habari ya baba na ile mvua. Nilimwambia yote isipokuwa jina la soko. Alisikiliza hadi mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Hiyo ni nzuri," akasema. "Mahali fulani hiyo ni nzuri sana. Lakini hakuna mtoto wa hapa angefanya hivyo, hata kama amekulia Nakuru, hata kama amekulia mbinguni. Wewe ni wa nani?"

Mvua ilikuwa ikidondoka kwenye debe la kona. Nilihesabu matone.

"Sikuulizi ili nikatangaze habari zako sokoni. Umenivisha nguo yako, nyathina. Nimeijaribu siku mbili hizi. Hainienei."

Ijumaa, 7 Juni. Migori

Niliketi nje ya chumba cha kamati tangu saa mbili. Mama Marcella aliketi benchi la mbele yangu na mkoba wake magotini. Walipomwita yeye, nikasimama mimi.

Mwenyekiti ni Bi. Jedidah, muuguzi mstaafu mwenye miwani ya kamba. Nikaweka daftari mezani. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ikapotea.

"Herufi hizi nimeziandika mimi. Mama Marcella hakuwepo."

"Na koti?"

"Ni wazo langu. Bwana Machuki aliniuliza kama lina shida, nikasema halina."

"Kwa nini ulisema hivyo?"

"Kwa sababu kwetu halina shida."

"Kwenu ni wapi?"

Nilikuwa nimeliogopa swali hili kwa siku tisini na sita.

"Ntimaru. Jina langu ni Werema. Barua ililikata."

Mjumbe mmoja mnene aliyekaa dirishani akapiga meza. "Mkuria! Miezi mitatu tunamlisha samaki wetu!" Wote wakacheka, hata Bi. Jedidah, akatoa miwani kuifuta. Nilikuwa nimeogopa panga, na kumbe kilikuwa kicheko tu, na kicheko chenyewe hakikuwa kibaya sana. Lakini Bwana Machuki hakucheka.

"Ningekuajiri vilevile," akasema. "Ila ningemuuliza mtu mwingine juu ya koti."

Hilo ndilo lililoniingia.

Bi. Jedidah aliagiza nisahihishe daftari mbele yao. Nikafungua 41. O. Were, kisha mstari wa kisanduku, kisha M.A. Nilitaka kuzifuta herufi zile mbili. Ndipo nilipoziona. Nikafuta nukta zake, nikaufuta mstari uliozitenga, na kuziunganisha na jina langu kwa wino, likasomeka Werema. Kisanduku cha Idhini kimebaki kitupu. Nimekiacha hivyo.

Mama Marcella alikitazama kwa muda. "Sasa hiyo ni ya kipimo chako," akasema, akachukua mkoba wake.

Jumatano, 12 Juni

Kipande cha 41 kitapigwa upya Agosti, kamera ikipatikana. Mama Marcella ameshona vazi jipya la mvua la Atoti: gunia la sukari lililokunjwa pembe moja ndani ya nyingine, linavaliwa kichwani na kushuka mgongoni. "Kama watu," akasema. Hakuniomba niandike. Niliandika.

Ijumaa, 14 Juni

Barua imekuja kutoka Migori. Kazi yangu inakoma mwisho wa mwezi. Imeandikiwa "Bw. Oliver Were". Hawajarekebisha. Aliyefukuzwa ni Were.

Mama Marcella ameniaga leo, maana wiki ijayo anakwenda kwao kuanua matanga ya dada yake. Hakuniita nyathina. Aliniita karani. Halafu akasema, kama aliyesahau kitu, "Baba yako, ile siku, alipiga mluzi gani?" Nikampigia. Akatikisa kichwa, akaendelea kukanyaga cherehani.

Jumamosi, 15 Juni

Hakuna mvua. Jua kali toka asubuhi. Nimetoa sweta chini ya godoro, ina harufu ya ukungu, nikaivaa nikaenda sokoni nikitokwa na jasho.

Mahali pa Mama Nyangi palikuwa patupu. Palibaki punje chache za wimbi ardhini na kuku wawili wakizidonoa. Nikasimama hapo. Sikujua ningefanya nini kingine.

Muuza vitunguu alinitazama mkono wa kushoto, akatazama wa kulia.

"Yule mama wa wimbi amerudi kwao," akasema. "Hatakuja tena mpaka mavuno. Aliacha kitu, akasema nimpe kijana wa sweta ya mistari, kama atapita." Akavuta kifurushi cha unga kutoka chini ya meza, lakini hakukiachia. "Ila akaniambia kwanza nimuulize jina. Akisema lingine, nisimpe."

Nikamwambia. Alitaka nirudie, kuna kelele sokoni. Nikarudia, lote, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto.